UZI: Mbwa wa manyoya tabaka mbili Nakuru na Kisumu, anamwaga msimu gani? (na mwachane na mashine ya kunyoa)

JichoLaMenengai (Nakuru)

Wadau wa mbwa salamu. Kila jua likiwaka siku tatu mfululizo hapa Nakuru naanza kuulizwa swali moja, "huyu nimnyoe apate hewa?" na kila mara nasema usinyoe halafu mtu ananinunia, sasa wacha niandike yote mahali pamoja, nikiulizwa tena natuma tu huu uzi.

Naongea na wenye mbwa wa manyoya tabaka mbili. Jamani shepadi (hawa ndio wamejaa, tembea Milimani ama Kiamunyi uone), haski, spitzi mweupe wa Kijapani, golden retriever, chau chau, pomeranian. Labrado na rotwaila pia wamo hata kama manyoya yao ni mafupi, watu hawajui hiyo ndio wanashangaa mbona kiti kimejaa vinywele vinadunga. Pudo hayuko hapa, huyo hesabu yake ni ingine.

Juu kuna nywele ndefu ngumu, hizo ndizo zinabeba ile rangi unaona, zinazuia mvua, jua, vumbi na mbigiri. Chini yake kuna sufi, laini, imeshikana, mara nyingi imepauka kuliko ya juu. Sufi ndiyo humwagika kwa mafungu. Za juu pia hutoka lakini mojamoja, huwezi hata kuona.

Sasa hapa ndio video za YouTube zinatupoteza. Nyingi ni za Marekani, Kanada na Ulaya, wanakwambia mbwa humwaga baridi ikiisha na tena joto likiisha, wiki kadhaa nzito halafu anatulia. Kwao ni kweli, ju kinachoamuru manyoya zaidi ni mwanga, urefu wa mchana, hali ya hewa inafuata nyuma. Kule Fairbanks, Alaska, mchana mfupi zaidi wa Disemba haufiki hata masaa 4 na mrefu zaidi wa Juni unakaribia 22, mwili wa mbwa unapata habari wazi kabisa kwamba mambo yamebadilika. Sisi je? Ikweta inapita Mogotio hapa juu na Maseno kule chini, mchana wetu ni masaa 12 na dakika kidogo, Januari hadi Disemba. Mbwa hapati ile habari. Kwa hivyo anamwaga kidogokidogo mwaka mzima halafu mara mojamoja anazidisha, na kila mbwa na wakati wake. Shepadi wangu huzidisha baridi ya Julai ikiisha, kuelekea Septemba, na tena jua kali la Februari. Dada yake wa tumbo moja yuko kwa jirani, hajafungwa kizazi, huyo kalenda yake ni ya kupata joto la kutaka dume na kuzaa, watoto wakishaachishwa maziwa anabaki amekonda manyoya hadi wageni wanauliza kama ni mgonjwa.

Sasa usingoje msimu wa mtu wa Kanada. Mwangalie mbwa wako. Ukiona vishungi vimesimama mapajani na nyuma ya shingo, rangi imepauka kwa mabaka, ukivuta kishungi kinatoka chenyewe na hata hageuki kukuangalia, basi ndio huo msimu umeanza, hata kama ni katikati ya mvua.

Kumchana mimi hufanya hivi. Nje, upepo uwe unatoka mgongoni kwako (mtanishukuru). Mlaze ubavu. Anzia begani ju hapo hashtuki, paja na nyuma ya masikio uache mwisho. Kiganja cha kushoto kiinue manyoya kiyabane juu, ubaki na mstari mwembamba ambao unaona ngozi, uione kabisa, si kukisia. Burashi ya waya ndio ishike manyoya machache yaliyo chini ya ule mstari, vuta fupifupi kuelekea chini, usikandamize ju zile waya zinakwaruza. Sufi inatoka imejikunja kwa waya, ya kijivu, na vumbi letu ndani yake. Mstari ukiisha unaachilia manyoya kidogo kutoka kwa kiganja, unaanza mstari mwingine, hivyo hivyo hadi mgongoni. Mwisho pitisha chanuo cha chuma. Likiteleza hadi kwa ngozi bila kukwama, hapo pamekwisha. Likikwama, rudi na burashi, usivute kwa nguvu, ukimuumiza leo wiki ijayo akiona burashi anaingia chini ya gari na hatoki.

Watu wengi wanapiga burashi juujuu, mbwa anang'aa, picha zinapigwa, kumbe chini sufi imegandamana, unyevu unakaa huko, ngozi inaanza kuoza taratibu na siku moja unapata kidonda kibichi saizi ya kiganja na mbwa anakilamba usiku kucha. Kwa wiki mara moja inatosha. Akizidisha, kila siku ama siku mbili, dakika 15 hivi, usikae naye masaa mawili mkachukiana.

Na kuosha: CHANA KWANZA. Fundo likiloa linakaza zaidi na hapo hata chanuo halisaidii, ni makasi. Maji yafike kwa ngozi, spitzi na chau chau unaweza kumwagia ndoo nzima na chini bado ni kavu. Shampuu ya mbwa, si sabuni ya kipande wala ya unga, ngozi ya mbwa si chachu kama yetu na hizo zinaikausha anaanza kujikuna. Halafu umkaushe hadi ndani. Blodrai ya salun ni sawa lakini weka baridi, usiweke moto.

Kunyoa: mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema ulimi nje na kidogo kwa nyayo. Ukimnyoa umemwondolea kivuli na hujamuongezea njia yoyote ya kupoa. Sufi iliyokufa ikitolewa hewa inapita kati ya zile nywele za juu, hiyo ndiyo hewa mnamtafutia. Na manyoya yaliyonyolewa saa zingine hayarudi vile yalikuwa, sufi inawahi, nywele za juu zinachelewa, unapata kitu kimechanganyika kinashika kila mbigiri, wengine wanabaki na mabaka miezi na miezi. Daktari akinyoa kwa ajili ya upasuaji ama kidonda hiyo ni sawa. Kupunguza nywele katikati ya vidole na pale nyuma kwa usafi pia ni sawa.

Karibuni.

NyarDunga (Kisumu)

Omera asante sana lakini wewe uko Nakuru mnalala na blanketi mbili. Mimi niko Kisumu na haski wa bro yangu, alienda Qatar akaniachia mbwa na kamba. Hapa saa nane mchana hata mimi natamani kunyolewa. Mama anasema kila siku huyu ni mnyama wa barafu mmemleta ziwani kumuua. Na hiyo ya kumwaga kidogokidogo wapi, huyu ni mwezi kwa mwezi, nikipika kuku kuna unywele, nikivaa nguo nyeusi kwenda kazi ni aibu. Anakula ugali na omena, siku zingine ugali na supu. Kitu ingine, kuzunguka macho na pembeni ya mdomo amekuwa na magamba magumu, hiyo pia ni kumwaga?

JichoLaMenengai

Sista kwanza hiyo ya magamba SI kumwaga, wacha kijana wetu wa Njoro aje atusaidie.

Joto la Kisumu nakubali, nyinyi mko mita 1,130 hivi na sisi tuko 1,850, si hali moja. Lakini jibu la kunyoa linabaki pale pale. Haski Kisumu anahitaji kivuli cha siku nzima, sakafu ya simenti ama vigae alalie tumbo, maji yasiishe, na matembezi ni kabla ya saa moja asubuhi ama jua likishazama. Weka mgongo wa mkono kwa lami, kama huwezi kuvumilia sekunde tano yeye pia asikanyage. Akianza kuhema kwa kelele, ute mzito, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba, hapo ni hatari, mwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na uanze safari ya kwa daktari hapo hapo. Joto la kawaida la mbwa ni 38 hadi 39 na kitu, likipita 40 na bado anahema hivyo usikae kungoja.

Kumwaga mwezi kwa mwezi kwa mbwa wa ndani ni kawaida kabisa. Taa zenu zinawaka hadi saa ngapi?

NyarDunga

Saa sita usiku. Mama anaangalia stori zake.

JichoLaMenengai

Basi mchana wake ni masaa 18 kila siku, mwili hauwezi kujua ni Machi ama Agosti 😂

kijana_wa_njoro

Nimeitwa nimekuja. Bado nasomea udaktari wa mifugo, sijamaliza, kwa hivyo chukueni haya kama maelezo, si dawa ya kuandikiwa.

NyarDunga hayo magamba usiyapuuze. Haski na malamute wengine huzaliwa na shida ya kutonyonya madini ya zinki vizuri kutoka kwa chakula. Halafu mbwa yeyote akilishwa nafaka kwa wingi, kwenye nafaka kuna kitu kinaitwa faiteti, hicho kinaishika zinki tumboni kabla mwili haujaichukua. Sasa haski + ugali kila siku ni mambo mawili yamekutana. Inaonekana hivyo hivyo unasema, ngozi ngumu yenye magamba kuzunguka macho na mdomo, saa zingine masikio na nyayo. LAKINI ukurutu wa wadudu unafanana nayo, choa pia inafanana, ndio maana daktari anakwangua ngozi kidogo anaangalia kwa hadubini kwanza. Usiende kwa duka la dawa ukanunua tembe za zinki za watu ukampa kwa kukisia, ikizidi inavunja chembe nyekundu za damu na mbwa anaweza kufa.

Omena endelea nayo, iongeze hata, na ugali upunguzwe. Manyoya karibu yote ni protini, mbwa wa ugali mtupu hana cha kutengenezea manyoya ndio unaona yamefifia na kukatika. Na yale mafuta ya samaki yanasaidia ngozi. Ioshe mchanga utoke, ichemshe bila chumvi, na usiweke kitunguu hata kile kidogo cha harufu, kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Kwa wote, tofauti ya kumwaga na ugonjwa: akimwaga kawaida, chini hakuna ngozi tupu, manyoya yanapungua kote kote na ngozi ni safi. Ukiona upara, duara, wekundu, harufu, anajikuna hadi analia, ama upara uko sawasawa mbavu zote mbili na mbwa amenenepa na hataki kutembea (hiyo inaweza kuwa tezi ya shingo), hapo burashi haina kazi, mpeleke.

Mzee_wa_Lanet

Vijana mnapenda kazi. Sisi tulikuwa na shepadi miaka ya themanini, analala nje, hakuna burashi, mvua ikinyesha ananyeshewa anajikung'uta, na manyoya yalikuwa mazuri kuliko ya hawa wenu. Siku hizi mbwa anaoshwa na kukaushwa na kupakwa utadhani ni bibi harusi.

JichoLaMenengai

Mzee wangu heshima. Huyo wako nakubali kabisa. Alikuwa anapita kwa ua wa kei, ile miti ya miiba, na nyasi ndefu siku nzima, hizo zilikuwa zinamchana bila malipo, na sufi ikibaki kwa miti hakuna mtu wa kulalamika. Alikuwa na usiku wa giza pia. Wa sasa amefungiwa kwa ploti ya simenti ya futi hamsini kwa mia, manyoya yakilegea hayana pa kushikwa yatoke, yanabaki juu yake. Ukimrudishia ua na shamba nitaacha kuuliza habari ya burashi.

Mzee_wa_Lanet

Hapo umesema. Hiyo kei tulikata tukajenga ukuta.

MamaPopi (Kakamega)

Mimi nasoma huu uzi na roho inauma ju spitzi wangu ameshanyolewa. Nilikuwa nimesafiri, kijana wangu akampeleka kwa kinyozi fulani wa mbwa akaambiwa atamfanyia "ya joto", nikarudi nikapata mbwa wa pinki. Sasa nifanye aje? Na hapa Kakamega mvua ni kila jioni.

JichoLaMenengai

Pole mama. Hakuna dawa ya kuharakisha, mtu akikuuzia mafuta ya kuotesha manyoya usinunue. Kwa sasa muweke mbali na jua la saa nne hadi saa kumi, spitzi chini ya ule weupe ngozi yake haina kinga na anaungua kweli. Usiku mvua ikipiga atasikia baridi, mlaze ndani ama mpatie fulana kuukuu ya mtoto. Mlo mzuri wa protini. Sufi ikianza kutoka, ifungue mafundo mapema na burashi laini mara mbili kwa wiki, hapo ndipo inashikana haraka sana ju hakuna nywele za juu za kuitenganisha. Na USIRUDIE kunyoa "ili iote sawa", hiyo ni hadithi. Wengi hurudi vizuri lakini inaweza kuchukua mwaka ama zaidi. Kama baada ya miezi kadhaa kuna sehemu ziko tupu kabisa, daktari amwangalie tezi.

Mvua ya kila jioni ni shida hata kwa asiyenyolewa. Asilale na maji kwa sufi. Taulo la kwanza, taulo la pili, halafu ingiza vidole chini ya masikio, kwapani na chini ya mkia, ukisikia ubichi hujamaliza.

MamaPopi

Asante. Kijana amepewa kazi ya kuchana hadi akili irudi.

Omwami_B (Bungoma)

Mulembe wadau. Swali la kupe. Nikimchana shepadi wangu natoa kupe wa kutosha, hasa mvua ikianza. Jirani aliniambia nimuogeshe na ile dawa ya ng'ombe, anasema yake anamuogesha na hajakufa. Niende na hiyo?

kijana_wa_njoro

Hajakufa si kipimo mkuu. Dawa nyingi za ng'ombe zina amitrazi ama jamii ya pareto ya kutengenezwa kiwandani. Amitrazi mbwa hupewa pia lakini kwa vipimo vyake, ikichanganywa kwa jicho mbwa analewa, moyo unapungua mapigo, mtoto wa mbwa ndio kabisa usijaribu. Kama uko na paka nyumbani ni mbaya zaidi, permethrini, ambayo ni ya hiyo jamii ya pareto, inaua paka, hata kumlamba tu ama kulalia mbwa ambaye bado hajakauka.

Halafu kwa mbwa wa tabaka mbili hiyo dawa hata haifiki. Unamwaga juu, inateleza kwa zile nywele ngumu, sufi iko kavu na kupe amejishikilia kwa ngozi anakuangalia. Toa sufi kwanza. Muulize daktari ile ya kudondoshea shingoni, unatenganisha manyoya inagusa ngozi yenyewe, ama tembe. Pima kilo zake kabla ya kununua.

Ukimchana angalia ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani na chini ya ukosi. Kupe hutolewa na kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, usichome na kiberiti wala kupaka mafuta ya taa. Na mbwa akikataa chakula, ufizi ukiwa mweupe, joto, mkojo umekuwa wa rangi ya chai, ama pua inatoa damu, hayo ni magonjwa ya kupe, erlikia na babesia ziko huku kwetu kwa wingi, usingoje Jumatatu.

Omwami_B

Ya kiberiti nilikuwa nayo kwa mkono hivi.

mrembo_section58

Na hayo manyoya mnapeleka wapi? Mimi nimejaza gunia na nusu, mlinzi ananiuliza kama nashona mito 😂

JichoLaMenengai

Weka kwa mbolea, yana naitrojeni, yanaoza polepole lakini yanaoza. Tandaza, ukiyaweka kwa rundo moja yanashikana na maji hayapiti. Kuna watu huacha kwa mti ndege wachukue kwa viota, sawa, ila kama mbwa amewekwa dawa ya kupe ama viroboto usifanye hivyo, ile dawa inabaki kwa manyoya na vifaranga ndio wanalalia.

NyarDunga

Narudi na habari. Daktari amekwangua, hakuna wadudu, ameandika zinki kwa kipimo chake na amesema ugali uwe wa siku mojamoja. Tunangoja kuona. Mama amekubali kuzima taa saa nne, lakini si kwa ajili ya mbwa, tokeni zilikuwa zinaisha haraka. Sasa nimeingia dukani na kuna reki ya meno marefu na kuna ile yenye wembe mdogo mdogo iko ghali. Ya haski ni gani?

JichoLaMenengai

Chukua reki. Meno yawe na urefu wa kufika kwa ngozi, ncha ziwe za mviringo, jaribu kwa mkono wako wa ndani, ikikukwaruza na yeye itamkwaruza. Haski sufi ni nzito kwa hivyo meno yaachane kidogo, yaliyobanana ni ya labrado na wenzake. Ile ya wembe, Furminator na zinazofanana nayo, inatoa mengi kwa dakika chache na ndio watu wanaipenda, lakini ukirudiarudia mahali pamoja inakata nywele za juu na unaona zimekuwa fupi zimesimama. Kwa mkono ambao haujazoea sishauri. Ongeza chanuo la chuma na burashi ya waya kama pesa inatosha, kama haitoshi anza na reki na chanuo.

Na hapo Kisumu mchane jioni ukimaliza kumtembeza, si saa saba mchana. Upepo wa ziwa uwe nyuma yako.

NyarDunga

Nimechukua reki. Sasa nguo za jirani ziko kwa kamba, wacha nimngoje aanue kwanza.